Shangazi, gari langu la umeme halijafika, na mke wangu hajui nimelipa kiasi gani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 43, mkazi wa Kiamunyi hapa Nakuru. Kazi yangu ni viazi. Nina Canter mbili zinazobeba magunia kutoka Molo na Kuresoi kwenda Nairobi, na mwenyewe husimamia upakiaji kuanzia saa kumi alfajiri. Mke wangu ni mwalimu. Tuna watoto watatu, na kifungua mimba wetu anaingia chuo kikuu mwezi ujao.

Nianze na baba, kwa sababu bila yeye hutanielewa. Nilipokuwa mtoto, kila Pasaka alinipakia nyuma ya baiskeli yake ya Black Mamba tukatoka Subukia gizani kwenda kutafuta mahali pa kutazama Safari Rally. Tulisimama kando ya barabara ya vumbi saa nne nzima ili tuone kila gari kwa sekunde chache. Kwanza ulisikia helikopta, kisha mlio, kisha vumbi, basi. Baba sasa ana miaka 79 na bado husimulia ushindi wa Ian Duncan wa 1994 na Toyota Celica kana kwamba yeye ndiye aliyekaa kiti cha kando kumsomea njia. Siku hizo niliapa kwamba nitakuja kuwa na gari langu la kasi, na baba atakaa kando yangu.

Miaka miwili iliyopita nikaliona BYD Seal, gari la umeme la Kichina, lile la mota mbili. Sekunde 3.8 kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa. Kilowati 390. Betri ya uniti 82.5. Shangazi, mimi nimeishi na kelele za dizeli tangu nimalize shule. Nilipoona gari likichomoka namna ile bila mlio, mwili ulinisisimka. Na stima yenyewe inatoka Olkaria, humu humu kaunti yetu.

Nilipata wakala Nairobi. Tukakubaliana shilingi milioni 8.9, gari jipya, mpaka mkononi, ushuru ukiwa ndani. Januari nikalipa arubuni ya asilimia 60, yaani shilingi 5,340,000. Pesa hizo zilitokana na ploti yetu ya Njoro. Mke wangu alitia sahihi ploti iuzwe, kwa makubaliano kwamba milioni 1.8 iende kwa gari na zitakazobaki zikae SACCO kwa karo ya binti yetu na wadogo zake. Nilipofika ofisini kwa wakala, akaniambia nikilipa asilimia 60 badala ya 20 nitapunguziwa bei na oda yangu itatangulizwa. Nikakubali papo hapo. Nyumbani nikasema nimelipa 1.8. Nilijiambia nitamweleza siku gari litakapoingia getini, maana akishaliona hasira haitakuwa nyingi.

Niliambiwa takriban wiki 12. Sasa ni Agosti. Machi sababu ilikuwa foleni kiwandani. Mei, hakuna nafasi melini. Juni akasema meli imeshatoka China ila imelazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa sababu ya mashambulizi ya Bahari ya Shamu. Nikimwuliza jina la meli ananijibu, "Subira huvuta heri, bosi." Wiki jana alinitumia picha mbili, akasema ni za gari lenyewe kabla ya kupakiwa. Moja ni ya ndani, na usukani uko kushoto. Ya pili ni ya mahali pa kuchajia, matundu mawili ya duara kando kwa kando. Nilipouliza habari ya usukani, akasema hilo ni gari la mfano, langu litakuwa la kulia.

Wakati huo huo nimeshauza Subaru yangu. Mke wangu anapanda matatu kwenda kazini na watoto wanabebwa na boda. Sokoni wameniita "Stima", na kila asubuhi ni "Stima, limefika?" Baba naye huuliza kila Jumapili kwa simu, na siku hizi kifua kinamsumbua.

Usiku nikikosa usingizi hutoka nje. Chaja niliifunga ukutani tangu Aprili. Ina taa ndogo ya kijani inayowaka na kufifia polepole, na chini yake kuna sakafu tupu niliyoitia saruji mpya. Juzi nilikuta mke wangu ameanika sweta la shule la mtoto kwenye waya wa chaja. Sikusema kitu. Nilirudi ndani.

Shangazi, niendelee kusubiri au nidai pesa zangu? Na huyu mama watoto nimwambie nini, na lini?

Msubiri Gari, Nakuru

* * *

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Kabla ya kuanza kuandika safu hii nilikuwa karani katika ofisi ya wakala wa forodha kule Kilindini, miaka 11, kwa hiyo nitaanza na mambo ya bandari, halafu tuje nyumbani kwako, ambako ndiko kuliko kuzito.

Chukua ramani ya dunia ya mtoto wako uiweke mezani. Weka kidole pwani ya China. Sasa kisogeze mpaka Mombasa. Utashuka Bahari ya Kusini ya China, utapita Mlango-bahari wa Malacca kati ya Malaysia na Sumatra, kisha utaikata Bahari ya Hindi moja kwa moja hadi kwetu. Bahari ya Shamu hujaigusa. Iko kaskazini, ni njia ya anayekwenda au anayetoka Ulaya kupitia Mfereji wa Suez. Rasi ya Tumaini Jema nayo iko chini kabisa kusini mwa Afrika. Meli inayotoka China ikafika huko itakuwa imeshatupita sisi.

Ni kweli kwamba tangu mwisho wa 2023 mashambulizi ya Bahari ya Shamu yamezifanya meli nyingi za Asia na Ulaya kuzunguka Afrika, na hilo lilivuruga ratiba na bei za usafirishaji duniani kote. Angekuambia meli zimekuwa haba, ningemsikiliza. Lakini yeye amekuambia meli yako wewe, inayotoka China kuja Mombasa, imezunguka Rasi. Basi ama hajui gari lako liko wapi, ama anajua na hataki ujue. Hilo halimalizwi kwa simu wala kwa methali, linamalizwa na karatasi.

Karatasi yenyewe ni hati ya shehena. Ni hati inayotolewa na kampuni ya meli mzigo ukishapakiwa, na kwa gari huandikwa jina la meli, namba ya safari, bandari lilikopakiwa, tarehe, namba ya chesisi na jina la atakayelipokea. Kama gari limepakiwa, hati ipo. Hakuna gari linalosafirishwa kwa meli bila hiyo. Mwandikie wakala leo, kwa maandishi, umwambie unataka nakala ndani ya siku saba. Ukishapata jina la meli, binti yako ataitafuta kwenye simu na kukuonyesha iko bahari gani saa hiyo hiyo, bila malipo. Tazama pia jina la mpokeaji. Wateja wengi niliowahudumia walikuwa hawajui kwamba gari waliloligharamia limeandikwa jina la mtu mwingine mpaka walipofika kaunta.

Akisema hati haijatoka, maana yake gari halijapakiwa, na maneno ya Juni yote ni hewa. Hapo mwombe uthibitisho kwamba alilipa kiwandani au kwa msambazaji, wenye tarehe na namba ya chesisi. Namba hiyo ina tarakimu na herufi 17, na ya gari lililotengenezwa China huanza na L.

Sasa hizo picha. Umeniandikia habari zake kwa mistari michache tu, nami naona zina uzito kuliko yote aliyokuambia. Usukani wa kushoto ni wa magari yanayouzwa huko huko China na nchi nyingine zinazoendesha upande wa kulia wa barabara. Kenya hatusajili gari binafsi la usukani wa kushoto. Ruhusa hutolewa kwa vyombo vya kazi maalumu kama ambulensi na magari ya zimamoto. Na yale matundu mawili kando kwa kando ni ushahidi wa pili wa jambo lile lile. Gari la soko la China huwa na tundu moja la kuchajia polepole na jingine la kuchajia haraka, kwa mfumo wao unaoitwa GB/T. BYD Seal linalotengenezewa nchi za usukani wa kulia kama Uingereza, Australia na Afrika Kusini huwa na mahali pamoja tu, duara juu na pini mbili nene chini yake, mfumo wa CCS2. Toka nje sasa hivi uitazame ncha ya waya wa hiyo chaja yako. Kama ni ya aina ya Ulaya, na nyingi zinazofungwa huku ndizo, haitaingia kwenye gari la picha ile.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa wakala si "litafika lini?" Swali ni "gani?" Mwambie akuandikie: usukani wa kulia, mahali pa kuchajia pa CCS2, mota mbili, betri ya 82.5, mwaka wa kutengenezwa, namba ya chesisi. Akisitasita kuandika, umeshajibiwa.

Kuhusu pesa, usiongeze hata shilingi moja. Nasema hivi kwa sababu najua simu itakayofuata. Utapigiwa jioni ya Ijumaa uambiwe gari limefika, limekwama, linahitaji laki kadhaa za ushuru kabla ya Jumatatu au litatozwa faini ya kukaa bandarini. Bei yenu ilikuwa mpaka mkononi. Na ushuru wa serikali hulipwa KRA, kwa hati ya malipo yenye namba yake, pesa zikaingia akaunti ya serikali. Haulipwi kwenye simu ya mtu.

Mkataba wako umpelekee wakili wa hapo Nakuru. Neno "takriban" litakusumbua kidogo, lakini muda wa kutoka Januari hadi Agosti hakuna anayeweza kuuita takriban wiki 12. Wakili aandike barua ya madai yenye tarehe ya mwisho: hati ya shehena ya gari mliloafikiana, au pesa zote zirudi. Mwulize pia habari ya Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, maana ina vifungu kuhusu bidhaa iliyolipiwa ikacheleweshwa. Usipoteze muda na mahakama ya madai madogo. Ile husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na yako yameshavuka mara tano.

Umeniuliza kama usubiri au udai. Jibu langu ni kwamba udai, kwa barua, wiki hii. Kama gari liko baharini kweli, barua haitalizuia.

Lakini barua hiyo isitoke kabla hujazungumza na mke wako.

Nikuambie kitu ambacho kimekaa nami miaka mingi. Siku moja mwanamume alikuja kaunta yangu kulipia gari, amevaa vizuri, amekuja na mkewe ili afurahi naye. Mimi kwa kawaida ya kazi nikasoma kwa sauti: bei ya ununuzi, nauli ya meli, ushuru, jumla. Nilipotaja jumla, yule mama aliushika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Hakupiga kelele. Alimgeukia mumewe akamwuliza, "Ni ngapi?" Aliniacha mimi niliyetoka kusoma, akamwuliza yeye, kwa sababu alitaka aisikie kutoka kinywani mwake. Bwana yule akatazama sakafu. Gari lilitoka bandarini siku hiyo, sina hakika kama waliondoka ndani yake pamoja.

Wewe ulipanga hivyo hivyo, ila getini kwako badala ya kaunta. Ulitaka gari liseme kwa niaba yako. Miezi minane sasa umeipakia ndoa yako kwenye meli usiyoijua jina, ndiyo maana usingizi hauji. Sidhani ni gari tu unalolisubiri ukitoka usiku kutazama ile taa. Unasubiri ruhusa ya kusema ukweli, na ruhusa hiyo umemkabidhi wakala wa Nairobi.

Mwambie kesho. Usimwambie usiku taa zikishazimwa, wala ukiwa unaendesha, wala mbele ya watoto. Nenda SACCO kwanza, uchapishe taarifa ya akaunti jinsi ilivyo. Chukua na risiti ya 5,340,000. Keti naye mezani, uziweke mbele yake, na sentensi yako ya kwanza iwe ile yenye namba: "Nililipa milioni tano laki tatu na arobaini elfu, si moja nukta nane. Pesa za karo haziko SACCO." Usianze na baba, usianze na Safari Rally, usianze na jinsi wakala alivyokushawishi. Hayo yote ni kweli na yana nafasi yake, lakini ukiyatanguliza atasikia unajitetea. Namba kwanza. Kisha unyamaze.

Atakasirika, na ana haki. Kosa lako si kupenda gari la kasi. Mtu aliyebeba viazi miaka ishirini na kulea watoto watatu anaweza kununua kitu anachokipenda, na mimi sitamsaidia yeyote kukucheka. Ila sahihi yake ilikuwa kwenye ploti ile. Alikubali kuuza ardhi kwa sharti moja, na sharti lenyewe ni binti yenu. Ulipolivunja ofisini mwa mtu kwa ajili ya punguzo, ulimwamini mgeni kuliko uliyemwacha nyumbani. Hilo uliseme mwenyewe, kwa maneno yako.

Huenda pia anajua zaidi ya unavyodhani. Mwalimu anayepanda matatu kila asubuhi ilhali kuna milioni tatu na zaidi SACCO, hajawahi kukuuliza mbona msinunue hata gari dogo? Sweta kwenye waya wa chaja nalo nimelifikiria sana. Inawezekana ilikuwa kamba tu ya kuanikia. Inawezekana alichoka kuupita waya usio na kazi. Mwulize baadaye, mkishatulia.

Na mkitulia, jambo la kwanza kupanga ni karo, kwa kuwa mwezi ujao haungoji meli. Hakikisha binti ameshaomba ufadhili na mkopo wa HELB kwa wakati, kisha hesabuni pamoja mapato ya Canter ya wiki hizi tatu. Muhula wa kwanza unaweza kulipika kutoka huko mkibana. Mpe mke wako nafasi ya kuamua nawe kuhusu arubuni: pesa zikirudi zinakwenda wapi, gari likija salio la 3,560,000 linakopwa au halikopwi. Akisema hapana kwa huo mkopo, naomba umsikilize hadi mwisho.

Tuseme sasa hati inakuja, ni gari lenyewe, usukani wa kulia, na mama watoto amekubali. Yapo machache ya kuweka tayari.

Umefunga chaja, vizuri, lakini je, fundi aliangalia nyumba nzima? Chaja ya kawaida ya ukutani huvuta ampea 32, kama kilowati 7.4. Bafu la maji moto la umeme nalo huvuta karibu kiasi hicho hicho. Watoto wakioga saa moja jioni na gari likichaji, swichi kuu itajizima, na hapo hakuna atakayelipenda gari. Mwambie fundi wa stima apime mzigo wote, akague waya wa ardhini, na chaja uiweke ianze baada ya saa nne usiku. Kuna sababu nyingine ya kuchagua usiku. Bei maalumu ya magari ya umeme iliyoidhinishwa na EPRA, mamlaka ya nishati, mwaka 2023 ilikuwa shilingi 16 kwa uniti wakati wa matumizi makubwa na shilingi 8 wakati wa matumizi madogo, kabla ya kodi na ada nyingine. Ulizia ofisi ya umeme masharti ya kuipata. Kuijaza betri yako kutoka asilimia 20 hadi 80 ni kama uniti 50, yaani takriban shilingi 400 za nishati kwa bei hiyo ya usiku, na inachukua saa saba hivi. Ukipita Naivasha alfajiri umewahi kuona mvuke ule mweupe wa Olkaria. Visima havilali sisi tukilala, na usiku stima yake hukosa wa kuitumia. Ulisema vizuri kwamba unatoka kaunti yenu.

Gari lisiendeshwe kutoka Mombasa. Ni zaidi ya kilomita 600 hadi kwako, na hata kwa vipimo vya kiwandani betri ile hutoa kilomita 520, tena si kwa kupanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,800. Lije juu ya lori la kubebea magari, na likiharibika lisivutwe magurudumu yakiwa chini. Barabara za ndani za Kiamunyi unazijua kuliko mimi: gari lile liko chini, na betri yote iko tumboni mwake. Tuta moja baya linatosha kukugharimu. Nenda ukatazame mawe ya njia yako sasa, kabla hujalia baadaye.

Na kasi, mwanangu. Wewe umezoea Canter, ambayo ukikanyaga hufikiri kwanza. Hili halifikiri. Nguvu yote inakuja papo hapo, na lina uzito wa zaidi ya tani mbili. Barabara yako ya kila siku kwenda Molo inapita Salgaa, na huna haja ya kuambiwa ni wangapi tumewazika kutoka pale. Wiki za kwanza liweke kwenye hali ya upole. Ufunguo asiushike kijana yeyote wa nyumbani wala dereva wa Canter, hata akiomba vipi.

Pesa zikirudi badala ya gari, toa karo kwanza. Kitakachobaki, kama mtakubaliana, kanunue kwa mtu ambaye gari lake liko tayari nchini, ukalikalia, ukaligusa usukani, ukachomeka chaja ukaona linaingia.

Sasa baba yako. Kifua cha mzee wa miaka 79 hakijui ratiba za meli. Jumapili hii usimpigie, nenda Subukia. Chukua Canter moja, ioshe, umweke kiti cha kando kama alivyotaka siku zote, uende naye polepole hadi mojawapo ya zile barabara za vumbi mlizosimama. Beba chai kwenye chupa. Na akikuuliza kama limefika, mwambie halijafika, na umwambie kwa nini. Amekusubiri kando ya barabara maisha yake yote, hatashindwa kukusikiliza. Mke wako akikubali kwenda nanyi, kiti cha Canter kina nafasi ya watatu.

Hati ya shehena ikitoka niandikie tena. Majina na namba zote zifiche, niachie jina la meli na bandari ilikopakia.